Saini Yangu Wiki ya Matanga

Nekesa binti yangu, mama yangu mdogo,

Nimewaambia watu kichwa kinaniuma ndiyo nikapata nafasi ya kuketi huku chumbani peke yangu. Kichwa hakiumi. Nakusikia hapo jikoni na mama yako mkisukuma chapati za wageni wa kesho, na kila ukicheka nafuta nilichoandika naanza upya. Mambo ya blanketi, ya chakula, ya wanaume wenye maneno matamu, mama yako ameshayasema mpaka umeyakariri, kwa hivyo mimi sitayarudia. Nina jambo moja tu, nami nimelichelewesha mpaka jioni ya mwisho, kama kawaida yangu.

Jumanne ulinijia na ile fomu ya kazi yako mpya. Ilikuwa inauliza kama wewe au mtu wa nyumbani kwenu anahusika na uchunguzi wowote wa pesa za watu. Ukasema, "Daddy, hii mambo yako inaingia hapa?" Nikakujibu bila hata kuinua macho kwenye gazeti, "Mimi sina kesi. Andika hapana." Ukacheka, ukasema, "Najua huna, nilitaka tu kuwa sure." Ukaandika hapana, ukasaini, ukaitia bahashani.

Nilikudanganya, Nekesa. Unajua ofisi niliyofanyia kazi inachunguzwa; usilojua ni kwamba mimi pia nimeitwa kwa wapelelezi Ruiru kuandikisha taarifa. Mama yako hajui. Kesho utapanda basi kwenda Nakuru kuanza kazi ya ukaguzi wa hesabu, na kitu cha kwanza utakachowapa wakubwa wako ni uongo wenye saini yako. Wakija kuugundua, watakufukuza, na hakuna ofisi nyingine ya wakaguzi itakayokufungulia mlango. Ukiubadilisha, huenda wakakuambia rudi kwenu Thika mpaka mambo ya baba yako yaishe. Hiyo ndiyo zawadi niliyokufungia ya kukuaga. Wazazi wengine wanafunga sanduku.

Basi acha nikuambie yale ambayo sikukuambia. Uliyosikia kwangu miaka hii yote ni kwamba wakubwa walikula, wakanitoa kafara mimi mdogo. Umeyarudia maneno hayo mpaka ukagombana na senge yako Roselida, dada yangu, hapo langoni mbele ya majirani. Ulimwambia, "Senge, baba yangu hakuiba hata shilingi." Hilo ni kweli. Sikuiba. Ila kuna watu wanaoiba, na kuna watu wanaoshikilia taa ili mwizi aone vizuri, halafu wanarudi nyumbani kula ugali wakiwa na mikono safi.

Unajua kazi ya ule mfuko wetu ilikuwa nini. Mtu wa kiwandani, mwalimu, mama wa sokoni, kila mmoja alileta kidogo chake, zikawekwa pamoja, zikakopeshwa serikali na mabenki, faida ikagawanywa. Kila siku ofisi ilihesabu mali yote iliyopo na kusema kila mtu ana kiasi gani. Sasa, hesabu ile haikuachiwa mtu mmoja. Mmoja aliiandaa, mwingine akachukua taarifa iliyotoka benki yenyewe, akailinganisha na iliyoandaliwa, mstari kwa mstari, ndipo akasaini. Huyo wa pili nilikuwa mimi. Hiyo ndiyo kazi iliyokusomesha. Haikuhitaji akili nyingi, ilihitaji tu mtu awepo, aangalie kwa macho yake, na akiona kitu hakipo aseme hakipo.

Aliyeandaa hesabu alikuwa chini ya meneja wetu, yule ambaye sote tulimwita Mwenyekiti. Unamfahamu, alikuletea keki ulipofaulu mtihani. Hakuwa Mwenyekiti wa ofisi; alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa nyumbani, sisi tuliotoka magharibi tukaja kutafuta unga huku Thika na Ruiru. Mtu wetu akifa huku, yeye ndiye aliyeitisha mkutano, akatafuta gari, akapiga simu kwa waliokwepa kuchanga, akahakikisha maiti imefika nyumbani na watu wamekula. Kwa sisi, mtu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu. Na mtu aliyekuzikia mzazi humuulizi risiti. Kwetu hilo ni tusi. Umekua ukiliona: michango inatajwa kwa sauti, watu wanapiga makofi, pesa zinaingia kwenye kofia, na hakuna anayeuliza zilizobaki zilienda wapi. Ukiuliza utaambiwa wewe ndiwe uliyefurahia kifo.

Nyanya yako, ambaye una jina lake, alipokufa, Mwenyekiti ndiye aliyekaa hapa sebuleni kwetu Ngoingwa jioni zote za matanga. Siku ya kuondoka na mwili alikuja na bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na karatasi za hesabu za wiki ile nzima, hazijajazwa. Akaniita kando, akanishika bega. "Ndugu yangu, huko nyumbani utakaa mpaka mnyolewe nywele, matanga yaishe. Kazi haiwezi kusimama. Saini hizi uende umzike mama kwa amani. Sisi tutajaza."

Nikasaini zote nikiegemea kiti alichokuwa amekalia mjomba wako. Hata sikufikiria, na hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Nilikuwa nimemchukua Mwenyekiti wa msiba nikampeleka mpaka ofisini. Nilijiambia, mtu anayelipa jeneza la mama yangu, nitamnyima saini? Waswahili wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Uongo mtupu! Langu lilinijua jina, likajua na kaburi la mama, na likanila likanimaliza.

Niliporudi, kichwa kimenyolewa, nilipaswa kuzitoa zile karatasi na kuzikagua upya. Sikufanya hivyo. Hakukuwa na kelele, hakuna aliyelalamika, chai ilikuwa ileile. Baadaye kukawa na msiba wa jirani, nikasaini tena kabla ya kwenda. Halafu harusi. Halafu Ijumaa tu, kwa sababu nilitaka kufika nyumbani mapema. Mwisho wa yote nilikuwa nasaini karatasi tupu Jumatatu kwa ajili ya wiki nzima, na juu ya jina langu watu wengine waliandika pesa ambazo benki haikuwa nazo. Mimi nikaitwa mzee mwenye busara asiyesumbua watu.

Mwaka uliofuata wakaja wakaguzi. Wewe umesomea haya kuliko mimi, lakini wakati ule sikuwa nimeelewa walichokuja kufanya. Nilidhani wamekuja kuhesabu pesa. Kumbe safari ile hawakuja kuhesabu. Walikuja kuangalia kama mlango unafungwa: kama yule wa pili anayesemekana anaangalia, anaangalia kweli. Kwa maneno mengine walikuja kuniangalia mimi.

Walimtuma msichana mmoja anaitwa Wambui, mtoto wa hapo Ruiru, ametoka chuo juzi tu. Alikuwa na viatu vya bei rahisi alivyovipiga rangi vikang'aa, na akiuliza swali alisubiri jibu mpaka mwisho bila kukukata. Siku ya kwanza, mama wa chai alikuwa amemwambia nilifiwa. Akaja mezani kwangu. "Mzee, pole sana kwa mama. Nimesikia." Haki, aliniteka. Nilimwambia kila kitu, jinsi tulivyosafiri na mwili usiku kucha, jinsi gari lilivyokwama kwenye matope karibu na nyumbani wanaume wakalisukuma, siku tuliyozika, siku tuliyonyolewa, nikarudi Ngoingwa. Akafuta macho. Akaniambia na yeye babake alikuwa amekufa, na kwao hawakuwa na gari la kumpeleka vizuri. Tukanywa chai kama baba na mtoto.

Siku chache baadaye akarudi ameshika zile karatasi. Alisimama, hakuketi.

"Mzee, samahani. Hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hii? Na hii?"

"Zote ni zangu. Kwa nini?"

"Ni vile uliniambia wiki hii ulikuwa kwenu. Mpaka mkanyolewa."

Nekesa, hapo ndipo maisha yangu yalisimama mkononi mwa neno moja. Ningesema, "Sikuwepo." Basi. Ningekemewa, ningepata barua ya onyo, pengine ningefutwa kazi, na fedha za watu wakati ule zilikuwa bado nyingi zipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaimba hivyo tangu shule ya msingi, na ule ulikuwa ufa tu. Badala yake niliinuka nikapiga meza. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mapokezi, "Wewe mtoto! Unanihesabia matanga ya mama yangu?"

Ofisi nzima iligeuka. Msichana akazishusha karatasi mezani. Akasema polepole, "Siyahesabu, mzee. Nauliza tu, kama ulikuwa kwenu, nani aliangalia hizi hesabu?"

Lilikuwa swali zuri. Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Nikalikimbia kwa kulia. Ndiyo, nililia, tena machozi ya kweli, kwa sababu nilipotaja mama yangu nilimkumbuka. Nilimchimbua marehemu kutoka kaburini nikamsimamisha mlangoni ili mtoto wa watu asipite. Nikaenda kwa Mwenyekiti, naye akampigia simu mkubwa wa Wambui. Nilikuwa nimeketi pale nikisikia. "Huyu binti wenu ametukana msiba wa mfanyakazi wetu. Sisi ni watu wa heshima, ni Wakristo." Mkubwa akaja mwenyewe kuomba radhi. Jamaa mnene, mcheshi, mwenye haraka. Wakampeleka kula nyama choma hapo Ruiru, na kesho yake Wambui hakuonekana tena. Kazi aliyoianza ikamaliziwa na kijana aliyekuwa anapenda sana simu yake.

Ripoti ikatoka safi. Ikasema taratibu za ndani zinafanya kazi ipasavyo na hesabu zinakaguliwa na mtu wa pili kila siku. Mwenyekiti aliisoma kwenye mkutano wa wawekaji, ukumbini, kwa sauti ya kuhubiri. Senge yako alikuwa ameketi mbele na wenzake wa kiwanda cha mananasi. Alipiga makofi. Baada ya mkutano akaniuliza, "Ndugu yangu, sasa niweke na ile ya kustaafu?" Nikamwambia weka, si umesikia maodita wamesema iko sawa? Sikumdanganya kwa mdomo wangu, unaona. Nilitumia mdomo wa ripoti, na ripoti ilitumia saini yangu. Tulizunguka hivyo kama watoto kwenye mchezo, na katikati akasimama dada yangu mwenyewe na pesa za maisha yake yote.

Ofisi ilipofunga milango mwaka jana ulikuwa hapa, mengine umeyaona. Uliwaona watu wamesimama nje ya lango letu. Ulimwona senge yako akija kutoka Witeithie kwa miguu, amefunga leso kiunoni, akaniuliza mbele ya majirani, "Wewe mtoto wa mama yangu, pesa yangu imeenda wapi? Si ulisema iko sawa?" Na mimi, mwanamume mwenye mvi, nikasema wamenitoa kafara. Ndipo ukatoka nje ukanisimamia. Ulimfokea mwanamke aliyekubeba mgongoni. Nilisimama nyuma yako kimya nikakuacha umtukane kwa niaba yangu. Katika aibu zangu zote hiyo ndiyo inayonitoa usingizi. Zile saini zilikuwa upumbavu. Kukuacha ufoke pale nilijua kabisa ninachofanya.

Mwenyekiti yuko nje kwa dhamana. Jumapili bado anaketi benchi la mbele na anatoa sadaka iliyokunjwa vizuri. Watu wanamwamkia. Mimi pia nilimwamkia, mpaka mwezi jana.

Mwezi jana nilimtafuta Wambui. Ana duka la kuchapisha karatasi na kuuza kalamu hapo Ruiru, nyuma ya soko. Kazi ya ukaguzi hakuipata tena. Popote alipoomba waliuliza kwa mkubwa wake, na mkubwa wake akasema ni msichana asiye na adabu kwa wateja. Nilimkuta anamchapishia mtu mpango wa mazishi. Alinitambua mara moja. Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata na mstari wa Biblia.

Akanisikiliza mpaka mwisho, vilevile kama zamani. Halafu akasema, "Mzee, mimi sihitaji pole yako. Pole mimi ndiye nilikupa, ukaichukua ukanipiga nayo. Nilikuwa nahitaji useme tu hukuwepo. Neno moja."

Nikamwambia, "Basi nasema. Sikuwepo."

"Unaniambia mimi? Mimi nilijua." Akarudi kwenye mashine yake. "Nenda umwambie mtu ambaye hajui."

Hakunisamehe, na sidhani atanisamehe. Nilitoka pale nimekasirika, haki ya nani, nimemkasirikia yeye! Nilisema moyoni, mtoto wa siku hizi, mzee anakuja mpaka dukani kwako na hata kiti humpi. Nilifika nyumbani bado nanung'unika. Uone jinsi huu ugonjwa ulivyo mgumu kutoka. Na Jumanne, baada ya yote hayo, ulipokuja na fomu, bado nilikuambia andika hapana. Nilikuwa na nafasi tena ya kusema neno moja, kwa mtu ambaye hajui, na mtu huyo ni damu yangu. Nikaangalia gazeti.

Sikuandikii haya ili ujue kazi. Kazi utafundishwa. Ila ujue utakaokutana nao. Sisi si watu wabaya wa kutisha. Tutakuletea chai. Tutakuita mtoto, mama, binti yangu. Tutakuwa na wagonjwa na misiba, tena ya kweli, na wakati utakapouliza nani aliangalia, tutakuonyesha kaburi. Sijui nikushauri ufanye nini hapo. Wambui alifanya kila kitu vizuri na akaishia kuuza kalamu, kwa hivyo siwezi kukuambia ukweli unalipa. Mimi nilidanganya na bado ninakula chapati za mama yako. Ninachojua ni kwamba sitaki wewe uwe mimi, na Jumanne nilikuanzisha njia hiyo mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kesho nitaondoka mapema kwenda Ruiru kwa wapelelezi. Nitawaambia sikuwepo, wiki ile na wiki nyingine zote ambazo mkono wangu ulikuwepo na mimi sipo. Nitawaambia pia kilichomfika yule msichana na nani alipiga simu. Wanaweza kunirudisha nyumbani, wanaweza kuniweka ndani. Sikumwuliza wakili, kwa sababu wakili angenikataza nami ningekubali. Ningeweza kungoja mpaka uzoee kazi. Nililifikiria hilo sana, halafu nikaona ningekuwa nasaini tena karatasi tupu, safari hii na maisha yako. Wakati basi lako litakapokuwa likipanda kwenda Nakuru, nitakuwa nimeshasema, na ile hapana yako itakuwa uongo hata kwa mtu asiyetujua.

Wageni watakuja kukuombea. Mchungaji ataniulizia, na mama yako atakuwa amenikasirikia kwa namna ambayo hujawahi kuiona, basi kaa naye kidogo kabla hujatoka. Mpigie senge yako. Usimweleze chochote, mwambie tu kwamba siku ile langoni yeye ndiye aliyekuwa na haki na kwamba baba yako ndiye aliyesema hivyo. Akikata simu, usimlaumu.

Ukibadilisha jibu na wakikurudisha, rudi. Kitanda chako kitakuwepo, na utanichukia ukiwa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Ukiliacha lilivyo, ni mkono wako, wewe si mtoto tena. Lakini usije ukasema siku moja mbele ya watu kwamba ni baba aliyekuambia. Yule wa Jumanne alikuwa mwoga. Mimi ninayekuandikia nakuambia andika ndiyo, mama, saini ukiwa unasoma, kisha uende. Na stendi usinitafute, sitakuwepo.

Baba yako